Mkeo hana deko, anaumwa

*Shangazi, mke wangu ana wiki saba tangu ajifungue. Alitokwa na damu nyingi, lakini arobaini imekwisha, na mimi nampa kila kitu. Analia ovyo, hana hamu na mtoto, usiku halali hata mtoto akilala. Mama yangu, aliyezaa saba, anasema ni deko. Nimrudishe kwao akafunzwe? – Mume, Wete*

Pole, mwanangu. Barua nimeisoma mara mbili na sauti ya mkeo sikuisikia. Kauli ya mama yako umeiandika. Kwamba umemuuliza mwenyewe ana nini, hukuandika. Wala hukusema usiku nani anayembeba mtoto.

Kilio cha siku ya tatu au ya tano huwapata wazazi wengi, na hupita ndani ya wiki mbili. Wiki saba ni jambo jingine, na dalili ulizozitaja zinaelekea kwenye sonona ya baada ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Katika mimba, kondo la nyuma humwaga homoni za estrojeni na projesteroni kwa wingi. Likitoka, homoni hizo huporomoka kwa siku chache tu. Projesteroni ndiyo inayozaa kemikali ya kutuliza ubongo, na kuna wanawake ambao ubongo wao hauhimili mporomoko huo. Mama yako alijaaliwa kuuhimili mara saba. Amshukuru Mungu, asimpimie mwenziwe.

Halafu ile damu uliyoitaja kwa kupita! Upungufu wa damu peke yake humlegeza mtu akaonekana mvivu. Tezi ya shingoni nayo huweza kuvurugika miezi ya mwanzo baada ya uzazi, akawa na wasiwasi na kukosa usingizi, baadaye mnyonge.

Kumrudisha kwao si dawa, ni kumuongezea jeraha. Kesho nenda naye hospitali. Omba apimwe wingi wa damu na homoni za tezi, na aulizwe maswali kumi ya sonona ya uzazi. Mwambieni daktari kuwa ananyonyesha, maana zipo dawa ambazo hupita kidogo sana kwenye maziwa. Akipewa, asiache kwa kuona siku tano kimya. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Usiku, akishanyonyesha, mchukue mtoto wewe chumba cha pili, mama apate usingizi wa saa nne mfululizo.

Akianza kusikia sauti, kuona visivyokuwepo, au kutaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kuche wala kutafuta mganga. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.