Je, Silikanti Yuko Karibu na Binadamu Kuliko na Changu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule ya sekondari jijini Tanga. Nilipokuwa nafundisha uainishaji wa viumbe, mwanafunzi mmoja wa Kigombe alisema amesikia kwamba silikanti, yule samaki wa hifadhi yetu ya bahari, ana nasaba ya karibu zaidi na binadamu kuliko na changu. Darasa zima likacheka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona tunamwita samaki?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako yuko sahihi, ingawa waliocheka nao hawana lawama, kwa kuwa macho yao yanawaonyesha kiumbe wa baharini mwenye magamba, mapezi na matamvua. Lakini kufanana ni jambo moja na nasaba ni jambo jingine, na uainishaji wa leo hufuata nasaba. Mtoto wa shangazi anaweza kufanana nawe kuliko ndugu yako wa tumbo moja, wala hatapewa fungu la ndugu kwenye mirathi kwa sababu ya sura.

Ngazi unazofundisha, kuanzia himaya, faila na ngeli hadi jenasi na spishi, zina mizizi katika kazi ya Carl Linnaeus wa Sweden, aliyepanga viumbe kwa maumbile yao karne nzima kabla Darwin hajachapisha hoja yake ya mageuko ya viumbe mwaka 1859. Alikuwa na jicho kali: mwaka 1758 alimtoa nyangumi katika samaki na kumweka pamoja na mamalia. Katikati ya karne ya 20, Mjerumani Willi Hennig alitilia mkazo kanuni ambayo wengi wetu tunaifuata sasa, kwamba kundi la kweli ni lile linalomjumuisha babu mmoja pamoja na vizazi vyake vyote, bila kumwacha hata mmoja nje.

Tuitumie kanuni hiyo. Zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, ukoo wa samaki wenye mifupa uligawanyika matawi mawili. Moja ndilo lililozaa changu, kolekole, jodari na dagaa. La pili, lenye mapezi ya nyama, lilizaa silikanti, kamongo na wale waliopanda nchi kavu, ambao vizazi vyao ni vyura, mijusi, ndege na sisi wenyewe. Kwa hiyo babu wa mwisho wa silikanti na binadamu aliishi baadaye kuliko babu wa mwisho wa silikanti na changu. Papa, ambaye kiunzi chake ni gegedu, alikwisha kujitenga mapema zaidi, na hivyo hata changu yuko karibu na binadamu kuliko alivyo karibu na papa. Hilo nalo litawachekesha.

Ushahidi mmoja unaweza kuuanzia sokoni. Nunua changu, ulivute pezi lake la kifuani mbele ya darasa: wataona miale myembamba inayochomoza karibu na ubavu wenyewe. Pezi la silikanti limekaa juu ya bua nene la nyama, na ndani ya bua hilo upo mfupa mmoja ulioungana na bega, kisha mingine ikafuatia, kama mkono wako ulivyo na mfupa mmoja kutoka begani hadi kiwikoni. Mwaka 1987 Hans Fricke, akiwa ndani ya nyambizi ndogo huko Komoro, aliwapiga picha za filamu wakiogelea, na mapezi yao yalikuwa yakipishana mithili ya miguu ya mnyama anayetembea.

Hata hivyo, mwongezee kijana jambo moja. Uchambuzi wa jenomu ya silikanti, yaani DNA yake yote, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wa karibu zaidi na wanyama wa miguu minne ni kamongo, yule anayepatikana Ziwa Victoria, silikanti anamfuata.

Mimi binafsi sipendi silikanti aitwe kisukuku hai, yaani kiumbe wa kale aliyebaki bila kubadilika. Jina hilo lilishika kwa sababu ukoo wake ulidhaniwa kutoweka pamoja na dainosari, miaka milioni 66 hivi iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Lakini silikanti wa kale walitofautiana naye kwa umbo na ukubwa, na utafiti wa mwaka 2011 ulikuta kwamba hawa wa Tanga wana tofauti za kijenetiki na wenzao wa Komoro. Kiumbe aliyesimama palepale asingekuwa na tofauti hizo.

Ukiirudisha hoja hiyohiyo ya babu wa pamoja nyuma zaidi, utafika kwa babu wa viumbe vyote vilivyopo leo. Bakteria, mkoko, changu na binadamu huhifadhi urithi wao katika DNA, tena huusoma kwa msimbo ambao ni karibu uleule mmoja, na dalili za uhai zilizomo katika miamba ya Australia Magharibi zina takriban miaka bilioni 3.5.

Kuhusu jina, endelea kumwita samaki. Neno hilo linaeleza vizuri namna anavyoishi, na mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba silikanti ni samaki mwenye mifupa hastahili kunyimwa alama. Anayestahili kusahihishwa ni yule atakayechora mti wa nasaba na kumweka silikanti, changu na papa kwenye tawi moja, huku chura na binadamu akiwaweka peke yao kwenye tawi jingine.