Konokono kwa bunju: mpe, ila si wa kuokota

Umeuliza kama unaweza kumlisha bunju wako (samaki anayejivimbisha) konokono uliowaokota mtaroni. Konokono mpe, tena ndicho chakula kinachomfaa hasa: meno ya bunju hayaachi kukua, na asipopata magamba ya kuvunja yatarefuka hadi ashindwe kula. Ila hao wa mtaroni waache. Huenda wana vimelea au mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Fuga wako kwenye chombo cha pembeni, watazaana upesi kuliko utakavyopenda! Chagua wadogo, wa ukubwa wa jicho lake hivi. Wale wembamba wenye gamba refu lililochongoka usimpe, ni wagumu mno na wanaweza kumvunja meno. Mabaki yatoe kabla hayajachafua maji.