Anko wa Kamera anajibu: hudi ya kuchongesha, adapta isiyoona mbali na rangi ya geti

Shikamoo Anko. Mie napiga picha za harusi na send-off hapa Tanga. Baba mdogo aliniachia lenzi ya Kirusi, Helios 44-2, picha zake nazipenda mno ila jua likiingia kwa pembeni picha inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Hudi yake (ile kofia ya mbele ya kukinga jua) haipo, nimenunua za mpira mbili zote zimechanika. Sasa kuna fundi huku mtaani ana mashine ya kukereza, anachonga bushi na puli, kasema nilete tu alumini atanichongea. Nimwambieje? Na ule weusi wa kiwandani naupata wapi?

Marahaba mwanangu. Kwanza usimdharau huyo fundi wa bushi, mtu anayechonga bushi ikaingia kwenye shimo bila kucheza huyo hudi ya kamera haimshindi, kinachowashinda mafundi wengi ni maelezo yetu sisi wateja, unafika pale unamwambia "nichongee kama hivi hivi ila pana kidogo" halafu ukirudi jioni unakuta kikombe cha chai. Nenda na mchoro wenye namba. Hata kama umechora vibaya, namba ziwepo.

Sasa namba unazipata wapi. Chukua karatasi ngumu ya manila, izungushe mbele ya lenzi uibane kwa utepe, fokasi iweke mwisho kabisa (infiniti), halafu piga ukuta mweupe au anga mara mbili, moja ukiwa na f/2 (tundu la lenzi wazi kabisa) na nyingine f/16 (tundu limebanwa). Angalia pembe nne za picha. Kwenye f/16 kama hudi inaingia kwenye picha utaona weusi umekatika wazi kama umekatwa na mkasi, kwenye f/2 utaona giza linafifia tu, na watu wengi wanajaribu f/2 peke yake wanajiridhisha halafu wanakuja kulia baadaye. Kata manila kidogo kidogo mpaka pembe ziwe safi kisha punguza 2mm nyingine za usalama, hapo umeshapata urefu wako. Kama unataka kukisia kabla ya kuanza kukata, kwa lenzi ya 58mm kama hiyo yako kwenye sensa (kile kibao cha ndani kinachonasa picha) kubwa ya 36 kwa 24mm, kila hudi ikirefuka 10mm mdomo wake unatakiwa upanuke kama 7.5mm hivi. Kamera yako ikiwa ya sensa ndogo unaweza kurefusha zaidi na ndio vizuri, hudi ndefu inakinga zaidi.

Halafu jambo ambalo lingenipunguzia hasara mimi zamani kama kuna mtu angeniambia: usimwombe fundi akate thredi (ile mifereji ya kufungia kama ya bolti). Mdomo wa Helios 44-2 ni 49mm na thredi yake ni nyembamba, na ukuta wenyewe wa hudi ni mwembamba pia, mashine ya zamani iliyochoka ikitetemeka kidogo tu imekula kwako. Wewe nunua filta ya bei rahisi ya 49mm au tafuta iliyopasuka kioo, toa kioo, ubaki na ringi. Hiyo ringi ndio thredi yako, imetoka kiwandani imenyooka. Fundi anakereza bomba tu, lenye ngazi kwa ndani ya kukalisha ringi, halafu unaigandisha kwa epoksi ile ya tyubu mbili. Na faida nyingine, unapeleka ringi karakana, lenzi unaiacha nyumbani. Nisikusikie umeenda na lenzi ya baba yako mdogo mahali wanapopiga gilanda, ule unga wa chuma ukiingia kwenye mzunguko wa fokasi utakuwa unasikia mchanga mpaka utakapoifungua yote.

Alumini nayo sio alumini tu. Fundi anaweza kukupa kipande kilichoyeyushwa kutoka pistoni na sufuria za zamani, kinachongeka sawa lakini pistoni zina silikoni nyingi ndani, na hiyo ndio inakuja kukusumbua kwenye rangi. Ukiweza pata bomba la 6063, ndio familia ya alumini inayotumika kwenye fremu za madirisha, au mche wa 6061. Uliza kwa wauza alumini kama wana vipande vya mabaki, hudi moja haihitaji hata urefu wa kiganja.

Sasa weusi. Ule wa kiwandani sio rangi ya kupaka, wanaita anodaizi: alumini inazamishwa kwenye asidi ya salfa, umeme unapitishwa, juu yake inaota ngozi ngumu yenye vitundu vidogo mno, wanaitia rangi vitundu vikainywa, halafu wanaichemsha kwenye maji ili vitundu vifunge. Ndio maana haibanduki kama rangi ya kawaida. Kwa alumini ya pistoni inatoka kijivu chenye mabaka, huo ndio ubaya wa silikoni niliosema. Najua kuna vijana wanafanya wenyewe kwenye ndoo kwa asidi ya betri, mimi sikushauri, ule mvuke sio wa kuvuta na gesi inayotoka ni haidrojeni, inashika moto.

Kwa hela yako na matumizi yako nenda kwa fundi anayepuliza rangi za magari. Mwambie ni alumini, atumie praima ya kung'ata alumini kwanza, bila hiyo rangi inakaa wiki mbili inaanza kuchubuka kama ngozi ya nyoka. Juu yake nyeusi isiyong'aa, mkono mwepesi, mara mbili. Ringi yenye thredi aizibe kwa utepe kabla hajapuliza.

Lakini sikiliza, nje ya hudi hata ukipaka pinki haidhuru, shughuli iko NDANI. Hudi yangu ya kwanza kuchongesha niliipokea ina weusi unaong'aa ndani na nje kama geti la mtu mwenye hela, nikafurahi kweli, nikaenda nayo harusi ya ufukweni saa kumi na moja jioni, na picha zikatoka na ukungu kuliko hata nisingeweka hudi kabisa! Sababu ni kwamba mwanga ukija kwa mlazo, rangi inayong'aa inakuwa kioo, inauchukua mwanga uliokuwa unapita zake pembeni inauingiza kwenye lenzi. Kwa hiyo mwambie fundi apitishe mifereji midogo ndani nzima, kama bolti vile, ili mwanga usipate mahali pa kuteleza. Halafu paka nyeusi isiyong'aa, au ukitaka dawa kabisa bandika mahameli nyeusi, robo mita utatumia hudi kumi. Kabla ya kubandika osha hudi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwenye mifereji hubaki vinyuzi vya alumini, kimoja kikidondokea ndani ya kamera siku unabadilisha lenzi kitakwangua sensa.

Niaje Anko, niko Nairobi. Fundi wa jua kali alinitengenezea adapta ya kuvalisha lenzi ya M42 (ile ya kufunga kwa thredi ya 42mm) kwa Nikon D750. Inaingia vizuri sana, lakini vitu vya mbali vyote ni blurred, nikisogea karibu ndio inashika. Fundi anasema kazi yake iko sawa. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya, hesabu tu imewakataa wote wawili. Lenzi za M42 zimetengenezwa zikae 45.46mm kutoka kwenye filamu au sensa. Nikon F, hiyo D750 yako, mdomo wake uko 46.5mm kutoka kwenye sensa. Yaani kabla hata hujaweka adapta lenzi imeshakuwa mbali kwa milimita moja na kitu, na huwezi kuchongesha adapta yenye unene wa chini ya sifuri. Ukiongeza unene wa adapta yenyewe ukafika kama 2mm, lenzi ya 58mm haiwezi kuona kitu kilicho mbali zaidi ya mita moja na nusu au mbili hivi. Kwa pete za maharusi na maua ni tamu sana, kwa mengine hapana. Ziko adapta zenye kioo katikati kinachorudisha umbali ila nyingi zinaharibu ile ladha ya lenzi uliyoifuata.

Kama una rafiki mwenye Canon EOS ya DSLR (yenye kioo cha ndani kinachoinuka ukipiga) azima kamera yake, umbali wake ni 44mm kamili, adapta inatakiwa iwe 1.46mm na inachongeka. Ila hapo sasa ndio fundi awe na vernia (kifaa cha kupimia unene) nzuri na mkono mtulivu, maana ikizidi unene kwa 0.1mm tu, lenzi ya 58mm itaishia kuona vizuri kwenye mita 34 hivi, milima na majengo ya mbali sahau. Bora ipungue nywele moja kuliko kuzidi, ikipungua fokasi inapitiliza infiniti kidogo basi, unarudisha kwa mkono. Na pande zote mbili ziwe sambamba, zikipishana picha inashika upande mmoja tu. Jingine, kwenye baadhi ya Canon za sensa kubwa kile kioo cha ndani kikiinuka kinaweza kugonga nyuma ya lenzi, kwa hiyo jaribu mara ya kwanza taratibu, fokasi ikiwa ya karibu, ndio usogee.

Kwenye kamera zisizo na kioo hicho cha kuinuka (mirrorless) maisha ni marahisi, Sony E adapta ni 27.46mm, Nikon Z ni 29.46mm, bomba refu hivyo hata kulishika kwenye mashine ni raha. Mlipe fundi wako hela yake.

Anko, ringi ya fokasi ya lenzi yangu imechubuka rangi mpaka inaonekana alumini. Hapa Mwanza kuna jamaa wanapaka mageti ile rangi ya unga inayookwa, inatoka ngumu balaa. Nipeleke?

Usipeleke. Rangi ya unga inakaa nene, mikroni 60 hadi 100 kila upande, kwenye geti hujali ila kwenye ringi inayotakiwa iteleze juu ya ringi nyingine ikirudi haivai. Na inaokwa nyuzijoto 180 hadi 200, kama kuna grisi au gundi ya zamani imebaki humo itatoka inachuruzika. Kuna mtu atakwambia uichovye kwenye kostiki soda itoe weusi wa zamani, ni kweli inatoa, inakula na alumini yenyewe, umeichovya ringi unatoa biskuti.

Fanya kama nilivyomwambia wa Tanga, praima ya alumini na nyeusi nyepesi, ringi ikiwa imefunguliwa na fundi wa kamera. Zile namba za mita ukizipapasa kwa ukucha ukasikia zimechimbwa, hakuna shida, rangi ikikauka vizuri paka enameli nyeupe juu ya namba kwa kijiti cha meno halafu futa juu juu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kipande cha kadi, nyeupe inabaki kwenye mashimo tu. Ukucha ukipita laini ujue zimechapwa, hizo ukipulizia zimekwenda, bora uiache na michubuko yake.