Sasisho la Windows 11 likikwama na kujirudisha nyuma

Usikimbilie kufuta kompyuta yote. Angalia kwanza nafasi kwenye diski C, maana mara nyingi sasisho hujirudisha kwa sababu halina nafasi ya kutosha ya kufunguka. Nafasi ipo na bado linagoma? Fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits (amri hizi husimamisha kwa muda huduma zinazopakua masasisho), halafu futa vyote vilivyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download. Usiogope, hayo ni mafaili yaliyopakuliwa tu. Picha na nyaraka zako haziguswi, na Windows itayapakua upya. Zima na uwashe kompyuta, ujaribu tena.

Kuhusu kompyuta kujiwasha upya ukiwa katikati ya kazi, weka saa zako za matumizi (active hours) kwenye mipangilio ya masasisho. Zinaruhusiwa hadi jumla ya saa 18 kwa siku. Bando likiwa dogo, weka alama kwamba muunganisho wako unapimwa (metered connection), ili Windows ipunguze kupakua yenyewe. Kusitisha masasisho kwa wiki moja au mbili pia ni sawa. Ila kuyazima kabisa, nakusihi usifanye: viraka vya usalama (masasisho ya kuziba matundu) hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na vikishatoka, wadukuzi nao wanajua tundu liko wapi.