Mondo si adui wa shamba: majibu kwa wasomaji

Mondo, yule paka wa porini mwenye madoa, amenichukulia vifaranga mara tatu mwezi huu. Majirani wananishauri nitege nyama yenye sumu. Nifanyeje? (Mfugaji, Karatu)

Pole kwa hasara, lakini sumu usiiguse kabisa. Haichagui: itamuua mondo, mbwa wako, na tai atakayetua kwenye mzoga. Halafu panya watabaki. Utafiti uliofanywa Ngorongoro, hapo jirani yako, ulikadiria kwamba mondo mmoja hula panya wapatao 4,000 kwa mwaka, pamoja na nyoka zaidi ya 200. Mtazame jioni pembeni mwa shamba: anasimama tuli, masikio yale makubwa yameelekezwa majanini, anasikiliza. Akishajua panya alipo, anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Mkulima gani anataka kumpoteza huyo?

Rekebisha banda. Kuku walale ndani kabla giza halijaingia. Wavu wa matundu madogo uzunguke pande zote na kufunika juu, maana huyu ni mrukaji hodari, na ukingo wa chini ufukiwe ardhini. Fyeka majani yaliyosogelea banda. Akiendelea kusumbua, mwone ofisa wanyamapori wa wilaya.

Tukivuna ngano tulikuta watoto wawili wa mondo, mama hayupo. Tumewachukua jana, tunawapa maziwa ya ng'ombe. Tunaweza kuwafuga? (Kijana, Narok)

Hapana, na tafadhali usingoje kesho. Kwa kawaida mama huwaficha wanawe majanini akaenda kuwinda. Piga simu KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, sasa hivi, uwaeleze mliwaokota wapi. Mara nyingi watataka warudishwe palepale, sehemu hiyo iachwe bila kuvunwa, watu na mbwa wakae mbali. Maziwa ya ng'ombe acheni, yanawaharisha. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2013. Inaniuma kuona mondo akifungiwa sebuleni ili apigwe picha za mitandaoni.

Nitamtambuaje paka mwitu na paka wa nyumbani aliyezurura? (Mwalimu, Dodoma)

Tazama miguu na masikio. Paka mwitu ana miguu mirefu, hata akikaa anaonekana amesimamisha kifua. Nyuma ya masikio ana rangi nyekundu-kahawia, na mkia una pete nyeusi na ncha nyeusi. Si rahisi kila mara, kwa sababu paka wetu wa nyumbani wametokana na paka hao hao, na bado wanazaliana nao. Hilo ndilo tishio kubwa kwa paka mwitu: damu yake inachanganyika, na magonjwa ya paka wa nyumbani yanamfikia. Ukiishi karibu na pori, mpeleke paka wako akahasiwe na kuchanjwa.

Fungo na kanu nao ni paka? (Mwanafunzi, Tanga)

Hapana. Hao ni wa familia nyingine, ingawa madoa yao yanafanana na ya mondo.

Paka dhahabu yupo kweli Uganda? (Msomaji, Kabale)

Yupo, kwenye misitu kama Bwindi na Kibale, ila wengi wanaoishi kando ya msitu hawajawahi kumwona. Mitego ya nyaya hutegwa kwa ajili ya nsya (swala wadogo wa msituni) na nguruwe pori, naye hupita njia hizo hizo akanaswa. Kukamata wawindaji peke yake hakutoshi mtu akiwa hana kitoweo nyumbani. Ndiyo maana naipenda kazi ya Embaka, shirika lililoanzishwa na mtafiti wa Uganda, Badru Mugerwa: kaya zinazokubali kuacha kuwinda hupewa nguruwe wa kufuga, na wanaozaliwa hugawiwa kaya nyingine.