Seli tupu si sifuri: kwa vijana mnaochora chati za ripoti

Wadogo zangu, mwisho wa mwezi umefika na chati zimeanza kuletwa mezani. Tena ni zilezile: mstari unakwenda vizuri tangu tarehe mosi, tarehe 12 unatumbukia hadi sakafuni, tarehe 14 unarudi juu. Ukiuliza unaambiwa, "Siku hizo hatukuwa na data." Sasa kama hamkuwa na data, sifuri kaiandika nani?

Fomula za Excel mnazijua na chati mnajua kuiingiza, kwa hiyo sitaanzia huko.

1. Kabla ya kugusa chati, jua ukosefu wako ni wa aina gani. Chukua kipima mvua hapa Dar. Kikisoma milimita 0 katikati ya Agosti, hiyo ni data halali. Mtu alikwenda, akatazama, hakukuta maji. Iandike 0. Lakini msomaji asipokwenda kituoni Jumamosi na Jumapili ya Aprili, masika yamekolea, kuandika 0 ni kusema uongo. Na angalieni Jumatatu: akikuta milimita 66, hayo ni maji ya siku tatu yaliyojikusanya. Ukiziandika zote Jumatatu, chati itaonyesha gharika ambayo huenda haikunyesha siku hiyo. Ukigawa 22, 22, 22, umebuni siku tatu ambazo hakuna anayezijua. Jumla ya mwezi iko sawa, mgawanyo wa siku ndio haupo. Acha siku zote tatu tupu kwenye chati ya kila siku, 66 iingie kwenye jumla, na uandike maelezo chini. Aina ya tatu ni ile isiyohusika kabisa: mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, kwa hiyo mstari wa abiria uanzie Mei, usitambae kwenye sifuri tangu Januari.

2. Hili ndilo linaloniuma, maana sote tuliotangulia tumelifanya na bado mnalirudia. Unaandika =IF(B2="","",B2*1000) ili jedwali lipendeze. Seli inaonekana tupu, bosi anaridhika. Ila Excel haioni utupu pale, inaona maandishi yasiyo na herufi, na kwenye chati ya mstari maandishi huchorwa kama sifuri. Ndiyo shimo lako la tarehe 12. Kistari "-" na nafasi iliyobonyezwa kwa bahati mbaya vinafanya vilevile.

Hapo kijana anakimbilia Select Data, anabofya Hidden and Empty Cells kule chini kushoto, anachagua Gaps. Hakuna kinachobadilika! Anachagua kuunganisha mstari. Shimo liko palepale. Mpangilio huo unashughulikia seli tupu kwelikweli tu, na seli yenye fomula haiwezi kuwa tupu. Anakopi safu nzima na kubandika thamani peke yake akidhani amefuta fomula na utupu umebaki. Haukubaki: ISBLANK, fomula inayouliza kama seli ni tupu, bado itajibu FALSE (si kweli), na shimo bado lipo. Mwishoni, usiku umeingia, anakata tamaa na kujaza namba kwa mkono, wastani wa jana na kesho. Chati inapendeza, na ripoti imebeba vipimo ambavyo hakuna aliyevipima. Miezi sita baadaye hakuna atakayeweza kuvitofautisha na vya kweli. Jamani, hapo ndipo madhara yalipo, kuliko hata lile shimo.

Jipimeni mapema. Kwa mwezi wa siku 30, andika =COUNTA(B2:B31), inayohesabu kila seli yenye kitu, na =COUNT(B2:B31), inayohesabu namba tu. Ya kwanza ikitoa 30 na ya pili 28, una seli mbili zinazojifanya tupu au namba. Kama safu haina fomula, ichague, bonyeza F5, Special, Constants, acha tiki kwenye Text tu, kisha OK. Tazama kwanza zilizochaguliwa, maana namba zilizohifadhiwa kama maandishi nazo zitaingia humo. Ukishahakiki, Delete.

Sifuri nyingine hutoka kwenye kuunganisha majedwali: ukiita seli tupu ya karatasi nyingine, kwa alama ya sawasawa au kwa VLOOKUP (fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali), Excel inakurudishia 0. Haitakuonya.

3. Dawa ni NA(), fomula inayoweka alama ya #N/A, yaani "thamani haipo". Andika =IF(B2="",NA(),B2*1000), na sifuri ya kweli itapita salama. Excel za zamani huruka #N/A na kuunganisha nukta za jirani. Za Microsoft 365 zina tiki ya kuihesabu #N/A kama seli tupu, palepale kwenye Hidden and Empty Cells, na pengo litaonekana. Sasa SUM na AVERAGE zitagoma kwa sababu ya hiyo #N/A. Msirudi kwenye "" kwa hofu; tumieni =AGGREGATE(1,6,C2:C31) kwa wastani, na 9 badala ya 1 kwa jumla; ile 6 inaiambia iruke makosa kama #N/A. Afadhali zaidi muwe na safu mbili, moja ya data ghafi isiyoguswa na moja ya chati. Na mtu asiseme tofauti ni ndogo: 40, 42, 38, tupu, tupu, 41, 39 wastani wake ni 40. Weka sifuri mbili pale katikati, unakuwa 28.6.

4. Pengo au kuunganisha? Mimi nasema pengo, daima, ila kama kipimo hubadilika polepole na siku iliyokosekana ni moja. Mkiunganisha, zimeni mstari uliolainishwa, kwa sababu hupinda na kuchora kilele pasipo na kipimo.

5. Washeni alama za nukta: kipimo kimoja kilichobanwa kati ya mapengo mawili hakina mstari, bila alama hakionekani kabisa.

6. Andikeni tarehe zote, hata zisizo na kipimo. Safu mlalo isipokuwepo, Excel haina seli tupu ya kuiona, itapiga mstari moja kwa moja kutoka jana hadi keshokutwa. Bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam ni jambo jingine: Jumamosi na Jumapili hakuna biashara, hakuna kilichokosekana, kwa hiyo badilisheni mhimili uwe wa maandishi, Ijumaa ikae karibu na Jumatatu.

7. Ukificha safu mlalo, nukta zake hutoweka kwenye chati mpaka uweke tiki ya kuonyesha zilizofichwa.

8. Kwenye Google Sheets, mpangilio wa seli tupu utafuteni kwa jina la Plot null values. Kwenye LibreOffice ni Plot missing values.

9. Chini ya chati wekeni mstari mmoja: "Tarehe 12 na 13 hazina kipimo, mita iliharibika." Hauchukui dakika, na bosi hatapiga simu kuuliza kwa nini mstari umekatika.