Duka limekataa waranti, likisema simu imeingia maji

Pole sana, ndugu yangu. Simu ya miezi minne inajizima, nao wanadai imeingia maji bila kukuonyesha chochote: usikubali. Waambie wakuandikie sababu ya kukataa, hata kwa WhatsApp, na wakuonyeshe ile alama ndani ya simu inayobadilika rangi ikilowa. Maneno ya kaunta hayatakusaidia baadaye. Usiipeleke kwa fundi wa mtaani kwanza. Ikishafunguliwa, umewapa sababu. Piga picha risiti leo, maandishi yake hufifia kwa joto letu hili. Wakikaidi, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili. Ila kama kweli ililowa, waranti nyingi hazigharamii hilo.